Chuo cha Mtakatifu Yosefu cha Mill Hill: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Waumini wa Magharibi mwa Kenya

Maswali yafuatayo huulizwa na wanaparokia, makatekista na wanafunzi wa Kisumu, Kakamega, Bungoma, Kisii na Homa Bay, ambao wamelisikia jina la Mill Hill tangu utotoni bila kuelezwa lilikotoka. Yamejibiwa kwa urefu pale ambapo historia ina mengi ya kusema, na kwa ufupi pale ambapo hapahitaji maneno mengi.

Chuo cha Mtakatifu Yosefu ni jengo gani, na liko wapi?

Ni jengo lililokuwa seminari kuu ya Shirika la Wamisionari wa Mtakatifu Yosefu, ambao hapa kwetu tumezoea kuwaita mapadre wa Mill Hill. Liko Uingereza, kaskazini-magharibi mwa London, katika eneo la Mill Hill lililo chini ya halmashauri ya Barnet, kwenye barabara iitwayo Lawrence Street. Lilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1871 na likafungwa mwaka 2006, yaani lililea wamisionari kwa miaka 135.

Jengo lenyewe ni la matofali, na lilichorwa na msanifu majengo George Goldie kwa kufuata mtindo wa makanisa na monasteri za kaskazini mwa Italia. Katikati lina ua uliozungukwa na baraza zenye matao, ambamo wanafunzi walitembea wakisali au wakipitia masomo yao hata siku za mvua. Kando yake kuna kikanisa, na juu ya kikanisa unasimama mnara uliobeba sanamu ya Mtakatifu Yosefu iliyopakwa dhahabu. Kwa kuwa jengo limekaa juu ya kilima, sanamu hiyo huonekana kutoka mbali.

Kwa nini mtu wa Mumias au Kisii ajishughulishe na jengo la London?

Kwa sababu historia ya parokia zake za kwanza ilianzia humo. Misheni ya Kisumu ya mwaka 1903, ya Mumias ya mwaka 1904, ya Mukumu ya mwaka 1906 na ya Nyabururu huko Kisii ya mwaka 1911 zote zilifunguliwa na mapadre wa shirika ambalo makao yake makuu yalikuwa katika jengo hilo. Kwa zaidi ya nusu karne, maamuzi kuhusu nani atumwe Kavirondo, kama eneo letu lilivyoitwa na wakoloni, yalifanyiwa pale.

Tunalisema hili tukijua kwamba historia za parokia zetu mara nyingi huanza na sentensi isemayo kuwa padre fulani alifika mwaka fulani, kana kwamba alishuka kutoka mawinguni. Padre huyo alikuwa na walimu waliomfundisha na wakuu waliomtuma, na alikuwa na sababu zilizomfanya aje hapa badala ya kwenda kwingine. Anayezifahamu sababu hizo huelewa vizuri zaidi kwa nini misheni zetu zilijengwa jinsi zilivyojengwa, na hata kwa nini mipaka ya majimbo yetu ilichorwa jinsi ilivyochorwa.

Nani aliyeanzisha seminari hiyo?

Ni Herbert Vaughan, aliyezaliwa Gloucester, Uingereza, tarehe 15 Aprili 1832, katika ukoo wa Kikatoliki ulioshikilia imani yake katika nyakati ambazo Wakatoliki wa Uingereza walibaguliwa na sheria za nchi. Watoto walikuwa 13. Mabinti wote watano waliingia utawani, na kati ya wavulana wanane, sita walikuwa mapadre. Herbert, ambaye ndiye aliyekuwa kifungua mimba, alipadrishwa Lucca, Italia, mwaka 1854.

Jambo lililomkosesha usingizi lilikuwa hili. Uingereza ilikuwa imeeneza utawala na biashara yake pande zote za dunia, na makanisa ya Kiprotestanti yalikuwa yakituma wamisionari wengi, lakini Wakatoliki wa Uingereza hawakuwa na chuo hata kimoja cha kuwaandaa mapadre wa kwenda nchi za mbali. Wenzake wengi walimwambia kwamba Kanisa la Uingereza lenyewe lilikuwa maskini na lilikuwa na mapadre wachache, hivyo halikuwa na cha kugawa. Yeye alijibu kwa vitendo. Mwaka 1863 alisafiri hadi bara la Amerika, akapita Panama na California, akashuka hadi Peru, Chile na Brazili, akichangisha fedha kwa matajiri na maskini, na aliporudi mwaka 1865 alikuwa na mtaji wa kuanzia.

Tarehe 19 Machi 1866, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, chuo kilianza katika nyumba ya kupanga iitwayo Holcombe House, hapo hapo Mill Hill. Vaughan hakuishia hapo maishani mwake. Alikuwa askofu wa Salford mwaka 1872, askofu mkuu wa Westminster mwaka 1892 na kardinali mwaka 1893, naye ndiye aliyeanzisha ujenzi wa Kanisa Kuu la Westminster. Hata hivyo aliendelea kuwa mkuu wa shirika la Mill Hill hadi kifo chake, na alipougua aliomba arudishwe Mill Hill, akafia pale tarehe 19 Juni 1903. Ni mwaka uleule ambao watu wake walifungua misheni ya Kisumu.

Je, ni kweli kwamba nyumba ya kwanza ilipatikana kwa sababu ya sanamu iliyofichwa kabatini?

Masimulizi hayo yametunzwa na shirika lenyewe, nasi tunayatoa kama masimulizi. Inasemekana mwenye Holcombe House alikataa katakata kumpa Vaughan nyumba yake. Vaughan, ambaye alikuwa na ibada kubwa kwa Mtakatifu Yosefu, aliomba ruhusa ya kuacha kifurushi kidogo ndani ya nyumba, na kifurushi kikawekwa kabatini. Mwenye nyumba hakujua kwamba ndani yake mlikuwa na sanamu ya mtakatifu huyo. Baada ya muda mtu yule alibadili nia, na nyumba ikapatikana. Ukweli usio na shaka ni kwamba chuo kilianza katika nyumba hiyo, na kwamba shirika, chuo na sanamu ya juu ya mnara vyote vina jina la Yosefu.

Jengo kubwa lilijengwa lini?

Jiwe la msingi liliwekwa mwezi Juni 1869 na Henry Edward Manning, askofu mkuu wa Westminster wakati huo, na wanafunzi walihamia mwaka 1871. Kikanisa kilikamilishwa baadaye kidogo. Fedha zilizotumika zilitokana kwa sehemu kubwa na michango ile ya Amerika na ya waumini wa Uingereza, wengi wao wakiwa watu wa kipato cha chini.

Wamisionari wa kwanza walitumwa Afrika?

Hapana, ingawa kundi la kwanza lilitumwa kwa watu wenye asili ya Afrika. Mwaka 1871 mapadre wanne waliondoka Mill Hill kwenda Baltimore, Marekani, kuwahudumia watu weusi waliokuwa wametoka utumwani miaka michache tu kabla. Vaughan mwenyewe alifuatana nao. Tawi hilo la Marekani lilijitenga mwaka 1893 na kuwa shirika linalojitegemea, ambalo bado lipo na linajulikana kama Wayosefu.

Baadaye wamisionari walitumwa Madras nchini India, kisha Borneo mwaka 1881, na kwa Wamaori wa Nyuzilandi mwaka 1886. Zamu ya Afrika Mashariki ilikuja katika muongo uliofuata.

Walifikaje magharibi mwa Kenya?

Jibu la swali hili linaanzia Uganda, na bila Uganda halieleweki.

Wakatoliki wa kwanza wa Buganda walibatizwa na Wamisionari wa Afrika, maarufu kama White Fathers, ambao wengi wao walikuwa Wafaransa. Waprotestanti walifundishwa na wamisionari wa Kiingereza. Dini zikawa vyama vya siasa kiasi kwamba Mkatoliki aliitwa Mfaransa na Mprotestanti akaitwa Mwingereza. Tarehe 24 Januari 1892 pande hizo mbili zilipigana Mengo, na kwa msaada wa bunduki za Kapteni Frederick Lugard, Waprotestanti walishinda. Ilionekana wazi kwamba iwapo Waganda wangeona mapadre Wakatoliki wanaotoka Uingereza, ile imani kwamba Ukatoliki ni mambo ya Ufaransa ingeanza kufifia. Ndipo Roma ilipougawa uwanja wa Uganda na, mwezi Julai 1894, kuunda Vikarieti ya Kitume ya Nile ya Juu, yaani eneo la kimisionari lenye askofu lakini ambalo bado si jimbo kamili, na kuikabidhi kwa shirika la Mill Hill.

Askofu wa kwanza wa vikarieti hiyo alikuwa Henry Hanlon, ambaye kabla ya hapo alihudumu India. Yeye na mapadre wanne walitoka Mombasa kwa miguu pamoja na msafara wa wapagazi, wakafika Kampala mwezi Septemba 1895, na Kabaka Mwanga akawapa kilima cha Nsambya.

Wakati huo nchi yetu ya magharibi ilikuwa sehemu ya Uganda. Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulifika mbali hata kuipita Nakuru, na Serikali ya Uingereza iliuhamishia upande wa pili, katika eneo ambalo baadaye liliitwa Kenya, mwaka 1902 tu. Mpaka wa serikali ulihama, lakini mpaka wa Kanisa ukabaki palepale. Kwa hiyo Kisumu, Mumias na Kisii ziliendelea kuwa chini ya askofu aliyekaa Nsambya. Reli ya Uganda ilikuwa imefika ziwani Desemba 1901, na kituo chake cha mwisho, kilichoitwa Port Florence na ambacho ndicho Kisumu ya leo, kikawa mlango. Mapadre waliotumwa Nsambya sasa waliweza kushuka garimoshi pale pale na kupanda meli.

Kutoka Kisumu walisonga kaskazini hadi Mumias, makao ya Nabongo Mumia, palipokuwa pia kituo cha misafara na cha utawala, kisha wakaja Mukumu kando ya njia iendayo Kakamega. Upande wa kusini walifika nyanda za juu za Kisii. Mwaka 1925 Roma ilitenganisha eneo hili na Nile ya Juu na kuunda Prefektura ya Kitume ya Kavirondo, ambayo ni hatua iliyo chini ya vikarieti, chini ya Monsinyori Gorgonius Brandsma. Mwaka 1932 ikawa Vikarieti ya Kisumu, na mwaka 1953 ikawa jimbo kamili. Jimbo la Kisii lilikatwa humo mwaka 1960, la Kakamega mwaka 1978, na kutoka Kakamega likazaliwa la Bungoma mwaka 1987. Jimbo la Homa Bay lilifuata mwaka 1993. Mtu akichukua ramani ya majimbo hayo na kuyaunganisha tena, atapata sehemu kubwa ya uwanja wa magharibi mwa Kenya uliokabidhiwa wanafunzi wa Mill Hill.

Ikiwa chuo kilikuwa cha Kiingereza, kwa nini mapadre wengi tuliowafahamu walikuwa Waholanzi au watu wa Tiroli?

Wazee wetu waliliona jambo hili mapema, kwa maana padre aliyefundisha Kiingereza darasani alikuwa akizungumza na mwenzake kwa lugha nyingine kabisa. Sababu ni kwamba Uingereza haikuweza kutoa vijana wa kutosha. Shirika likafungua nyumba Roosendaal, Uholanzi, mwaka 1890, na nyingine Brixen katika Tiroli, iliyokuwa sehemu ya milki ya Austria, mwaka 1891. Maeneo hayo mawili yalikuwa na familia kubwa za wakulima Wakatoliki waliokuwa tayari kuwatoa wana wao. Kijana wa Uholanzi angesoma falsafa Roosendaal, kisha angevuka bahari kwenda Mill Hill kumalizia theolojia, kujifunza Kiingereza na kula kiapo cha shirika. Hawaweki nadhiri kama watawa. Wanakula kiapo cha kuhudumu katika misheni popote watakapotumwa.

Hivyo jengo la London lilikuwa mahali ambapo Mholanzi, Mtiroli, Mwingereza, Mskoti na Mwairishi walikutana kwa mara ya kwanza na kuzoeana kabla ya kupelekwa kuishi wawili wawili katika misheni ya mbali. Kati ya maaskofu wa Kisumu waliotoka shirika hili, Brandsma, Nicolas Stam na Jan de Reeper walikuwa Waholanzi, na Frederick Hall alikuwa Mwingereza. Kwa maoni yetu, malezi hayo ya pamoja yanastahili kuchunguzwa zaidi na wanahistoria wetu kuliko umbo la mnara.

Masista walikuwa na nafasi gani?

Kubwa, na imeandikwa kidogo mno. Ndani ya chuo chenyewe, kazi za jikoni, ufuaji na utunzaji wa nyumba zilishikwa na kundi la wanawake lililoongozwa na Alice Ingham wa Rochdale, na kundi hilo likawa shirika la watawa Wafransisko wa Mtakatifu Yosefu mwaka 1883. Baadaye masista hao walikuja Kenya wakafanya kazi ya hospitali na shule katika maeneo yetu.

Jirani na chuo kulikuwa na konventi ya Mtakatifu Maria, ya Wafransisko wengine, na huko ndiko alikotoka Mama Kevin, Mwairishi aliyefika Uganda mwaka 1903 na kuanzisha mwaka 1923 shirika la Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko. Masista hao Waafrika wanajulikana vyema upande wetu wa mpaka.

Kwa nini vijana wetu waliotaka upadre hawakupelekwa kusomea Mill Hill?

Kwa sababu lengo la wamisionari lilikuwa kupata mapadre wa jimbo, watakaobaki nyumbani na kulipokea Kanisa kutoka mikononi mwa wageni. Kijana wa Bungoma aliyehisi wito alielekezwa katika seminari za hapa na za Uganda, wala hakushawishiwa kuingia shirika. Mfano ulio wazi ni Maurice Otunga, mwana wa chifu Sudi Namachanja, aliyezaliwa mwaka 1923. Alipita seminari za Kakamega na Ggaba, Uganda, akaenda Roma na kupadrishwa huko tarehe 3 Oktoba 1950. Alikuwa askofu wa kwanza wa Kisii mwaka 1960, kisha askofu mkuu wa Nairobi, na mwaka 1973 akawa kardinali wa kwanza wa Kenya.

Utaratibu huo ulibadilika katika miaka ya 1980, shirika lilipoamua kuwapokea wanachama kutoka Afrika na Asia. Leo kuna mapadre wa Mill Hill waliozaliwa Kenya, Uganda na Kameruni wanaohudumu mbali na kwao, kama walivyofanya Waholanzi wale.

Kwa nini seminari ilifungwa?

Miito ya Ulaya ilipungua sana kuanzia miaka ya 1960 na kuendelea, na jengo lililokusudiwa kujaa vijana likabaki na watu wachache na gharama kubwa ya matengenezo. Wakati huohuo vijana wapya walitoka Afrika na Asia, na ilikuwa busara kuwalea katika mabara yao badala ya kuwasafirisha hadi London. Shirika lilihama mwaka 2006, na makao yake makuu yakapelekwa Maidenhead, magharibi mwa London.

Wapo wanaohuzunika wakisikia hivyo, hasa wazee waliosomeshwa na mapadre hao. Tunaiheshimu huzuni yao. Hata hivyo, kilichofungwa ni nyumba. Kazi ya malezi iliyokuwa ikifanyika humo inaendelea Afrika.

Jengo linatumiwa kwa shughuli gani sasa?

Limegeuzwa kuwa makazi ya watu binafsi. Kwa kuwa limo katika orodha ya majengo ya kihistoria yanayolindwa na sheria za Uingereza, halikuweza kubomolewa, na sura yake ya nje pamoja na mnara vimehifadhiwa. Katika kipindi lilipokuwa tupu lilitumiwa pia kupigia picha mfululizo wa televisheni unaohusu wakunga wa London, na baadhi ya Wakenya wameliona kwa njia hiyo bila kulitambua.

Je, ni sawa na shule iitwayo Mill Hill School?

Hapana. Mill Hill School ni shule ya Kiprotestanti kwa asili yake, iliyoanzishwa mwaka 1807, nayo iko katika eneo hilohilo. Wanaotafuta habari kwenye intaneti huchanganya hizi mbili kila mara.

Ninaandika historia ya parokia yetu. Nianzie wapi?

Anzia kwenye daftari la ubatizo la parokia mama. Madaftari ya zamani yaliandikwa kwa Kilatini. Kila mstari hutaja tarehe, jina alilopewa mbatizwa, majina ya wazazi, jina la msimamizi na saini ya padre aliyebatiza. Ukizifuata saini hizo mwaka baada ya mwaka utajua ni mapadre gani walikuwepo na lini walihamishwa. Jambo la thamani zaidi ni safu ya wasimamizi, kwani jina lilelile likijirudia kwa makumi ya wabatizwa, kuna uwezekano mkubwa kwamba mtu huyo alikuwa katekista. Makatekista ndio waliofundisha vijijini, wakatafsiri mahubiri na kutangulia mahali ambapo padre alifika mara chache kwa mwaka, na wengi wao hawajaandikwa popote pengine.

Baada ya hapo zungumza na wazee, kisha nenda kwenye ofisi ya jimbo. Usisahau shule. Shule ya St Mary's Yala, kwa mfano, ilianzishwa na mapadre wa Mill Hill mwaka 1927, na Tom Mboya alisomea hapo katika miaka ya 1940. Orodha za wanafunzi na walimu wa shule za misheni hujaza mapengo mengi ambayo daftari la kanisa haliyajazi.

Nikifika London, naweza kuona nini?

Kwa kuwa jengo sasa ni makazi, mgeni anapaswa kulitazama kutoka barabarani na kuheshimu faragha ya wanaoishi humo. Vituo vya karibu ni Mill Hill Broadway kwa treni ya kawaida na Mill Hill East kwa treni ya chini ya ardhi, na kutoka vyote viwili utahitaji basi au mwendo wa miguu.

Kaburi la Kardinali Vaughan halipo tena Mill Hill, ingawa alizikwa pale mwaka 1903. Mabaki yake yalihamishwa mwaka 2005, kabla seminari haijafungwa, na yamewekwa katika Kanisa Kuu la Westminster, ndani ya kikanisa cha Mtakatifu Thomas wa Canterbury. Kanisa hilo liko karibu na kituo cha Victoria, na waumini huingia bila malipo.